Paka Msemaji Katika Nyumba ya Mbao

Mtu wa Goma anayetafuta paka wa Siam huuliza mambo mawili: kama macho ni ya bluu kweli, na bei yake. Sauti haulizi. Majuma machache baadaye paka analia saa tisa za usiku ndani ya chumba cha mbao chenye paa la mabati, jirani yuko upande wa pili wa ubao, na asubuhi anabisha hodi kwa heshima zote: "Mama, muko na mtoto muchanga?" Swali lake ni la haki. Sauti ya Siam ni nzito, ina mkwaruzo, inavutwa kwa muda mrefu, na ukiisikia bila kumwona mwenyewe haina tofauti kubwa na kilio cha mtoto wa wiki sita.

Haya yameandikwa kwa ajili ya ambaye bado hajalipa. Aliyekwisha kulipa na sasa anatafuta namna ya kulala, naye atapata sehemu yake.

Nyau inatoka wapi

Paka wazima hawasemeshani kwa nyau. Wakikutana hutumia mkia, masikio na harufu. Wakigombana hufoka au huvuta mlio mrefu. Nyau ni sauti ya kitoto kumwita mama yake: nina njaa, nina baridi, nimeachwa nyuma. Kimburu, yule paka-mwitu wa Afrika ambaye ukoo wake ndio uliozaa paka wote wa nyumbani, huiacha kwa sehemu kubwa akishakomaa. Paka wa nyumbani ameendelea nayo kwa kuwa ameona kwa binadamu inaleta matokeo. Mwaka 2004 Nicholas Nicastro alilinganisha milio ya pande zote mbili, akawapa watu waisikilize: ya paka wa nyumbani ilikuwa mifupi zaidi, nyembamba zaidi, na wasikilizaji waliipenda zaidi.

Kazi ya zamani kuliko hiyo, ya Mildred Moelk mwaka 1944, ina faida ya moja kwa moja kwa mwenye paka, kwa sababu iligawa milio kwa kuangalia mdomo. Mdomo umefungwa: salamu, raha, ule mlio mfupi wa kutetemeka anaoutoa akikuona unaingia. Mdomo unafunguka kisha unafungwa: ombi. Mdomo umebaki wazi na umekaza: hasira, maumivu, au jike aliye kwenye joto la kutafuta dume. Mtazame mdomo kabla hujaamua anataka nini. Huko Lund, Sweden, Susanne Schötz amepima wimbo wa nyau zenyewe, na akaona kwamba ombi la chakula kwa kawaida humalizika sauti ikipanda, ilhali paka aliyefungiwa ndani ya kikapu akisubiri daktari humaliza sauti ikishuka. Ukishaambiwa, unaanza kuisikia tofauti hiyo hata jikoni kwako.

Kuna na ujanja mwingine. Mwaka 2009 Karen McComb na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha kwamba paka anayeomba chakula huchanganya ndani ya mngurumo wake wa kooni kilio chembamba, chenye mitetemo inayokaribia ile ya mtoto anayelia. Hata watu wasiofuga paka walisema mngurumo ule una haraka ndani yake. Ndiyo maana unaamka.

Kwa hiyo sehemu moja ya kelele ni ya kufundishwa, na mwalimu ni nyumba yenu. Mbegu ya paka huamua mambo mengine: ukubwa wa sauti, urefu wake, na kiasi gani ataendelea kusema usipomjibu. Hapo ndipo Siam anapowaacha wengine mbali.

Siam mwenyewe

Ametoka Siam, nchi ambayo sasa ni Thailand. Mwaka 1884 balozi mdogo wa Uingereza aliyekuwa Bangkok, Edward Blencowe Gould, alileta jozi moja Uingereza kwa dada yake, na kutoka miaka hiyo mbegu ikaenea Ulaya na Marekani. Leo kuna maumbo mawili: la zamani, mwenye kichwa cha mviringo na mwili wa kawaida, na la maonyesho, mwembamba, kichwa pembe tatu, masikio makubwa. Sauti na tabia havitofautiani sana. Mimi ningechukua la zamani, kwa sababu yule mwembamba hana nyama ya kumlinda na baridi ya Goma.

Baridi hiyo pia inampaka rangi, na hapa wengi hudhani wametapeliwa. Jeni yake hutengeneza kimeng'enya cha rangi ambacho hakifanyi kazi penye joto. Kinafanya kazi penye ubaridi tu. Ndani ya tumbo la mama kuna joto kila mahali, kwa hiyo vitoto huzaliwa vyeupe karibu kabisa. Siku za kwanza zikipita, masikio, pua, miguu na mkia, ambavyo ndivyo baridi kuliko mwili, huanza kuwa kahawia. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, usiku hushuka karibu nyuzi 15, na Siam anayelala kwenye baraza hapa atakuwa mweusi kuliko ndugu yake wa tumbo moja aliyepelekwa Kindu, kwenye joto zaidi. Rangi ikiiva mgongoni hajachanganywa wala hajaugua. Na kama daktari atamnyoa ubavuni kwa upasuaji, nywele zitakazoota hapo zitakuwa nyeusi, doa kabisa, mpaka abadilishe manyoya. Usiende kumgombeza.

Sasa la sokoni. Jeni hiyo ya rangi hujificha: paka wawili wa kawaida kabisa wa Birere, wote wakiwa wameibeba bila kuionyesha, wanaweza kuzaa kitoto kimoja kati ya vinne chenye uso mweusi na macho ya bluu. Kitoto hicho kina koti la Siam. Tabia na sauti ya Siam si lazima awe navyo, maana hivyo havikai kwenye jeni ile moja. Anayekuuzia "Siam kamili" akikuonyesha picha ya kitoto peke yake hajathibitisha chochote. Omba kumwona mama. Kengeza kidogo ya macho si ushahidi pia, ingawa inatokana na jeni hiyohiyo: mishipa inayotoka machoni kwenda kwenye ubongo haipangiki kama ya paka wengine. Anaona vya kutosha kukamata panya.

Tabia yake: anachagua mtu. Ndani ya nyumba ya watu wanane atakuwa wa mmoja, atamfuata mpaka mlangoni pa choo, na atamsimulia. Mlango uliofungwa anauchukulia kama tusi. Anajifunza komeo, anajifunza kifuniko cha sufuria, anajifunza saa ya mtu kurudi kazini. Nyumba ambayo kila mtu anatoka saa moja asubuhi na kurudi jioni haimfai akiwa peke yake. Atalia mchana mzima, na kama hana mwenzake atageukia vitambaa. Siam na Burma wana ugonjwa huo unaojulikana wa kunyonya na kutafuna sufu: sweta, blanketi, ncha ya kitenge. Kunyonya si hatari. Kumeza ni hatari, kwa sababu uzi hukusanya utumbo na kuukunja, na hapo hakuna dawa ya kunywesha, ni kisu. Ukimwona anakata vipande, blanketi zote ziingie ndani ya sanduku, apewe mfupa mbichi wa shingo ya kuku wa kutafuna, na aongezewe michezo. Mfupa uliopikwa usimpe. Unapasuka vipande vikali.

Ndugu zake, na wasemaji wengine

Oriental ni Siam aliyevalishwa rangi nyingine: mweusi mtupu, wa kijivu, mwenye michirizi. Yote niliyosema juu yanamhusu. Tonkin ni mchanganyiko wa Siam na Burma, na sauti yake iko katikati.

Burma anastahili maneno zaidi kidogo. Karibu wote duniani wana damu ya jike mmoja, Wong Mau, aliyefika San Francisco mwaka 1930 mikononi mwa Dokta Joseph Thompson. Ni mzito kuliko anavyoonekana, hana makali, anakubali watoto na wageni, na anasema sana lakini kwa sauti ya chini yenye ukwaruzo, kama mtu aliyeimba kwaya juma zima. Kwa nyumba ya mbao ningemchagua yeye mbele ya Siam bila kusita. Ubaya wake ni kwamba hamwogopi mtu, kwa hiyo anaibiwa kirahisi.

Bengal watu humtaka kwa madoadoa ya chui. Alitengenezwa Marekani, hasa kwa kazi ya Jean Mill, kwa kumpandisha paka-mwitu mdogo wa Asia na paka wa nyumbani, na ni vizazi vya nne kwenda mbele tu vinavyofaa kuitwa paka wa nyumbani. Ana milio ya kila namna, mingine inafanana na mbwa anayelalamika, na hasemi kwa upendo kama Siam. Anasema kwa sababu amechoshwa. Parseli, yaani kiwanja cha nyumba, isiyo na nafasi ya kupanda na kuruka itamgeuza mharibifu. Sioni faida yake mjini hapa.

Maine Coon, jitu la kilo sita mpaka tisa likiwa dume, linachekesha kwa sababu lina sauti ndogo ya kutetemeka kama ya kifaranga. Linasema siku nzima na jirani hasikii kitu. Manyoya yake yanahitaji kuchanwa angalau mara mbili kwa juma, na vumbi jeusi la volkano huingia mpaka kwenye ngozi, ndiyo kazi yake. Sphynx asiye na manyoya, aliyeanzia Toronto mwaka 1966, anapiga kelele na anasikia baridi. Goma si mji wake.

Wa karibu yetu ni Sokoke, wa msitu wa Arabuko-Sokoke pwani ya Kenya, ambako Jeni Slater alichukua vitoto mwaka 1978 na kuanza kuvizalisha. Ana miguu mirefu, koti kama gome la mti, na hushikamana sana na mwenye nyumba, akimsemesha yeye kuliko wengine.

Wanaotaka kimya watafute Persian, Russian Blue au British Shorthair. Paka wetu wa kawaida wa butiki, yule wa kulinda magunia ya unga, kwa wastani ni mkimya pia, na kinga yake kwa maradhi ya hapa imeshapimwa na maisha yenyewe.

Joto lisilo na msimu

Vitabu vingi vya paka vimeandikwa Ulaya, navyo husema jike huita madume kuanzia mwisho wa baridi mpaka vuli, kisha hupumzika. Kinachomwamsha ni urefu wa mchana. Goma iko chini kidogo ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta, mchana wake ni saa kumi na mbili na dakika chache mwaka mzima, na jioni kuna taa. Jike wa hapa hapati miezi ya kupumzika. Asipopata dume, joto hukaa siku saba hivi, linaondoka, na baada ya wiki mbili au tatu linarudi. Mwaka mzima.

Jike wa Siam na ndugu zake huwahi kukomaa, wengine kuanzia mwezi wa nne au wa tano, wakati mwenye nyumba bado anamwona mtoto. Na hapo ndipo mtu anapokutana na sauti yake yote. Anajiviringisha sakafuni, anainua kiuno, anakanyaga-kanyaga kwa miguu ya nyuma, mdomo wazi, analia usiku kucha. Wasiojua humpeleka kwa daktari wakidhani amevunjika mgongo. Kwenye avenyu huanza maneno mengine: paka anayelia kama mtu usiku ni wa mulozi. Maneno hayo si ya kucheka, kwa sababu yanamalizika na mawe, na paka ndiye anayeyapokea.

Dawa ni moja, kutoa kizazi, na wakati mzuri ni kati ya mwezi wa nne na wa sita wa umri wake, kabla ya joto la kwanza. Akiwa tayari kwenye joto, madaktari wengi wa mifugo hupenda kungoja lipite, maana mishipa ya kizazi imejaa damu na upasuaji unakuwa mgumu. Dume naye ahasiwe umri huohuo. Akichelewa na kuzoea kukojolea kuta, huenda asiache hata baada ya kuhasiwa. Kabla ya nusukaputi, paka mkubwa halali na chakula tumboni, lakini kitoto cha miezi minne kisishindishwe njaa usiku kucha, sukari itashuka. Mwambie daktari umri wake kamili na ufuate saa atakazotoa. Baada ya kurudi, siku kumi bila kuruka wala kulamba kidonda. Kola ya plastiki ikikosekana, mguu wa soksi safi uliotobolewa mashimo manne ya miguu unafanya kazi kwa kitoto.

Vidonge na sindano za uzazi wa mpango za akina mama, ambazo watu huwapa paka ili wanyamaze, hunyamazisha kweli. Kisha huleta usaha kwenye kizazi, matiti kuvimba, na uvimbe wa saratani. Nimeshaandika dawa ni moja, sikuandika mbili.

Usiku

Ukishatoa suala la joto, kelele nyingi za usiku zinazobaki ni njaa na uchovu wa kukaa bure. Paka kwa asili huwinda, hula, hujilamba, hulala, kwa mpangilio huo. Siam aliyelala mchana mzima kwa sababu nyumba ilikuwa tupu, akala saa kumi na mbili jioni, atakuwa tayari kuanza zamu yake saa nane za usiku.

Pangeni hivi. Chakula kigawanywe mara tatu au nne, na sehemu kubwa ya mwisho iwekwe karibu na saa ya nyinyi kulala. Kabla ya sehemu hiyo, mchezo wa dakika kumi mpaka kumi na tano: kamba yenye manyoya au kipande cha kitambaa mwishoni, ivutwe sakafuni ikijificha nyuma ya kiti, mpaka aanze kuhema na mara ya mwisho aikamate. Kisha ale. Atajilamba, atalala. Usimchezeshe kwa vidole. Siam hasahau kwamba mkono ni windo.

Halafu asubuhi. Kosa linalofanywa na karibu kila nyumba ni kuamka anapolia na kumpa kitu kidogo anyamaze. Umemlipa. Kesho atalia mapema zaidi. Chakula cha asubuhi kifuate kitu kingine, kwa mfano mbabula, jiko la makaa, kuwashwa au mlango wa nje kufunguliwa, kisifuate sauti yake kamwe. Mkianza kutomjibu, kelele zitapanda kwanza, siku kadhaa, kabla ya kushuka, kwa sababu anajaribu kwa nguvu zaidi kile kilichokuwa kikifanya kazi. Nyumba nyingi hushindwa hapohapo: mtu mmoja anachoka usiku wa tano, anaamka, anampa sambaza mbili, wale samaki wadogo wa ziwani. Sasa amejifunza kwamba inabidi alie siku tano. Hiyo ni mbaya kuliko kutokuanza kabisa, kwa hiyo waambieni majirani mapema, na wote wa nyumbani wakubaliane, pamoja na koko, yaani bibi au babu.

Kutomjibu kusigeuke kumnyima mazungumzo. Mchana, akisema kwa sauti ndogo, mjibu mara moja, kwa sauti ya chini. Akipandisha sauti, nyamaza na geuka. Kumpiga au kumwagia maji huongeza kelele, kwa sababu Siam aliyeogopa ni Siam anayelia zaidi.

Godoro lake liwe juu, kwenye rafu, mbali na ukuta wa jirani. Mabati ya paa hurudisha sauti chini. Hata pazia zito au blanketi kuukuu iliyotundikwa ukutani hupunguza kitu.

Kuhusu chakula chenyewe, sambaza ni baraka ya ziwa, ingawa ziwani Kivu ni mgeni aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Zipikwe, kwa sababu samaki wengi wa jamii hiyo wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Zilizokaushwa na chumvi zilowekwe, maji yamwagwe, kisha zichemshwe bila chumvi. Na zisiwe chakula pekee: changanya na moyo wa ng'ombe au kuku, yai lililoiva, ini kipande kidogo mara moja au mbili kwa juma. Fufu hujaza tumbo tu. Maziwa huharisha paka wengi wazima. Maji anahitaji kiasi cha mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yakiwemo yaliyo ndani ya chakula, kwa hiyo paka wa kilo nne anayekula vikavu tupu anatakiwa kunywa karibu kikombe kimoja, na mara nyingi hanywi. Mpe mchuzi.

Kelele ambazo si mazungumzo

Dume anayeingia mara kwa mara kwenye sanduku la choo, anachuchumaa, analia, na hakuna mkojo au ni tone tu, ameziba. Mtu hudhani amefunga choo kikubwa na kumpa mafuta ya mawese. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, punje za mchanga na ute huifunga, sumu hurudi kwenye damu, na ndani ya siku mbili au tatu anakufa. Hiyo ni ya kwenda kwa veterineri saa ileile, hata kwa pikipiki ya motari. Sanduku lenye vumbi la mbao kutoka kwa fundi, lililosafishwa kila siku, lina faida hapa: unaona kama kulikuwa na unyevu. Changarawe ya volkano haifai, ina makali na haionyeshi kitu.

Paka wa miaka kumi au zaidi anayeanza ghafla kulia usiku, huku anakula sana na anakonda, huenda tezi ya shingo imezidi kufanya kazi, au figo na shinikizo la damu. Mweupe mtupu mwenye macho ya bluu, anayepiga kelele tangu utoto na hageuki ukimwita kwa nyuma, huenda ni kiziwi. Wengi wa rangi hiyo ni hivyo, na hajui ukubwa wa sauti yake. Piga mlango kofi akiwa amelala. Lakini hakikisha hahisi mtikisiko wa sakafu ya mbao, vinginevyo jaribio ni bure.

Sauti iliyobadilika ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito. Kukwama kwa siku chache pamoja na mafua na macho yenye tongo ni maambukizi ya kawaida ya njia ya hewa. Sauti iliyogeuka pamoja na mate kutoka, kushambulia bila sababu au miguu kulegea inaweza kuwa kichaa cha mbwa, ambacho paka hukipata pia. Usimshike. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kidonda kikiwa kidogo.

Akiwa na maumivu, paracetamol usimpe kabisa; kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumwua. Dawa ya kupe ya ng'ombe, na ile ya viroboto ya mbwa yenye permethrin, humletea degedege.

Na kuna kimya. Msemaji aliyenyamaza na haonekani, upande wa Keshero, Lac Vert, Bulengo au Mugunga, atafutwe kwanza kwa macho kutoka juu. Mazuku, yaani gesi ya kuua inayotoka ardhini, hukaa kwenye mashimo na mabonde madogo ya lava, mazito kuliko hewa, mabaya zaidi usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka, na paka anatembea kwenye kimo kilekile gesi inapolala. Ukimwona chini na hatikisiki, usishuke kumchukua, wala usimtume mtoto.

Kumchagua

Kitoto kisitoke kwa mama yake kabla ya wiki 12. Anayekupa wa wiki tano akisema "ameshaanza kula" anakupa paka atakayeng'ata na kunyonya blanketi. Nenda uwatembelee jioni, wakati wa chakula, ukae nusu saa. Msikilize mama, kwa sababu kitoto cha wiki nane bado hakijafikia sauti yake, lakini mama ameshafika. Mwinue kitoto dakika moja: anayekubali na kutazama huku na huku ni bora kuliko anayelegea bila hamu au anayepigana mpaka mwisho. Macho yasiwe na tongo, ndani ya masikio pasiwe na unga mweusi, tumbo lisiwe gumu la minyoo.

Kama nyumba hubaki tupu mchana, chukua wawili wa tumbo moja. Watu huogopa kelele mara mbili, na kwa kawaida hupata pungufu ya ile ya mmoja, kwa sababu wanachoshana wenyewe. Masanduku ya choo yawe matatu, au mawili yakisafishwa asubuhi na jioni.

Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akitimiza wiki 12 na hurudiwa mwaka unaofuata. Kadi ionyeshe tarehe, lebo iliyobanduliwa kwenye chupa ya chanjo, na muhuri. Bila lebo, hesabu kama hajachanjwa na uanze upya. Utaihitaji siku ya kuvuka naye mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda.